Moduli zinazotegemeana kwenye NestJS: kabla hujaweka forwardRef

Mkuu, umeuliza kama ni sawa kwenye NestJS (kiunzi cha kujengea programu za seva kwa TypeScript) kutumia `forwardRef`, yaani kuirejelea moduli ambayo bado haijafafanuliwa, kwa kuwa moduli yako ya watumiaji inaihitaji ya oda, na ya oda inaihitaji ya watumiaji. Programu itawaka, ndiyo. Ila huna uhakika ipi itaundwa kwanza. Mimi niliendelea nayo hivyo miezi kadhaa, mpaka nikawa na moduli nne zimeshikana mikia. Kuandika testi ya moja ikawa lazima uziburute zote.

Kosa langu lilianza mapema zaidi. Nilipohama kutoka Express tupu, kiunzi chepesi kisicho na mfumo huu wa moduli, nilidhani moduli ni folda tu. Kila huduma nikaiorodhesha kwenye `exports`, ili nisisumbuliwe na ule ujumbe wa Nest kwamba imeshindwa kupata tegemezi, yaani kitu ambacho huduma inakihitaji ili ifanye kazi. Ujumbe ule unakera, lakini ndio bawabu wako. Kilichomo ndani ya moduli ni siri yake mpaka ikitoe kwa `exports`, na mwenye haja nacho ailete moduli hiyo kwa `imports`. Ukifungua milango yote (au ukibandika ovyo `@Global()`, inayoifanya moduli ipatikane kila mahali, nami nilibandika), umerudi kwenye Express yako ileile, ila imepakwa rangi.

Sasa jiulize: oda inataka nini hasa kwa mtumiaji? Kwangu ilikuwa anwani ya kupelekea mzigo, basi. Nikaihamishia anwani kwenye moduli yake, zote mbili zikaitegemea hiyo. Likabaki suala la mtumiaji akifutwa, oda zake zilizo wazi zifungwe. Hapo nikatumia matukio: moduli ya watumiaji inatangaza, ya oda inasikiliza. Mzunguko ukakatika. Usiizoee sana mbinu hii lakini, maana ukisoma kodi huoni upesi nani anaitikia tangazo lipi.

Jingine, intafesi za TypeScript hupotea kodi ikishageuzwa kuwa JavaScript, kwa hiyo Nest haiwezi kukutafutia tegemezi kwa intafesi. Weka klasi dhahania, ambayo hubaki kwenye JavaScript, au tokeni, yaani jina la kulitambulisha tegemezi.

Na jihadhari na `Scope.REQUEST`. Kwa kawaida huduma huundwa mara moja tu, programu inapowaka. Ukiifanya moja iundwe upya kwa kila ombi, zote zinazoitegemea huifuata, hadi kontrola, zile zinazopokea maombi. Niliiweka kwenye huduma ya logi, ambayo karibu kila kitu kiliitumia. Siku mbili nzima nikawa nailaumu hifadhidata kwa uzito wa seva.