Mafunzo ya nje ya kituo: kwa wauguzi mnaoanza kazi

Wadogo zangu mliopangiwa vituo mwaka huu, nawaandikia kutoka Arua, Uganda, nikiwa na miaka 12 wodini. Ukimaliza chuo unaona kama umeshamaliza kusoma. Baraza la Wauguzi na Wakunga halioni hivyo: ukienda kuhuisha leseni, watataka kuona umeendelea kujifunza. Kila cheti unachopata kitie kwenye faili siku hiyohiyo.

Lakini usiende kwa ajili ya leseni tu. Anza na jambo linalokutia hofu kazini. Kwangu lilikuwa mtoto anayezaliwa kimya. Usiku mmoja nilibonyeza ambu, ule mfuko wa kupumulishia wenye barakoa ya kuziba mdomo na pua, nikabonyeza, kifua hakinyanyuki. Mkunga mwenzangu akaja mbio, akainua kidevu kidogo, akaiweka barakoa upya, kifua kikapanda. Mtoto akalia. Mimi nililia nilipofika nyumbani.

Mwezi uliofuata nilipanda basi la usiku hadi Kampala, karibu kilomita 500, kwa nauli yangu, kwenda mafunzo ya siku mbili ya kuwapumulisha watoto wachanga. Tulifanyia mazoezi kwenye mwanasesere. Hapo ndipo nilipoliona kosa langu: kidole gumba kilikandamiza barakoa upande mmoja, hewa ikatokea shavu la pili. Mkufunzi alinishika mkono, akaniambia nisikilize ule mlio wa hewa inayovuja. Kwamba dakika ya kwanza isipite mtoto hajapumua wala kupumulishwa, na kwamba ni pumzi kama 40 kwa dakika, nilijua tangu chuoni. Mkono ndio uliokuwa haujui.

Ruhusa ina utaratibu wake. Niliwahi kukosa mafunzo mazuri kwa kuomba siku mbili kabla, ratiba ya zamu imeshabandikwa. Omba mapema, na uende kwa msimamizi ukiwa tayari na mwenzako aliyekubali kushika zamu yako. Ukirudi, ilipe zamu hiyo bila kukumbushwa, maana alibeba wagonjwa wako wote juu ya wake. Na posho isikuchagulie mafunzo: usiende kwa sababu tu yanalipa.

Mafunzo ya kujikinga na maambukizi msiyaache hata kidogo. Ebola ilipozuka Kampala Januari 2025, mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alikuwa muuguzi mwenzetu, na alikuwa ameshafariki. Kuvaa mavazi ya kinga ni rahisi; hatari kubwa iko kwenye kuyavua, umechoka, glavu zimechafuka, na uso unawasha. Mpangilio wa kuyavua unajifunza kwa kurudiarudia mbele ya mtu anayekusahihisha, na kabla mlipuko haujafika.

Ukirudi kituoni, omba dakika kumi wakati wa makabidhiano ya asubuhi, wiki hiyohiyo, kabla hujasahau. Sisi mwanasesere hatukuwa naye. Tulichukua ambu, kila mmoja akaibana barakoa kwenye kiganja chake, akabonyeza, wengine wote wakanyamaza kusikiliza kama hewa inavuja.