Kabla hujatangaza umepata Listeria, soma hii kwanza

Juzi usiku kuna binti kanitumia meseji, yuko mwaka wa mwisho, anasema dada shikamoo, nataka utafiti wangu uwe wa Listeria (bakteria wa kwenye chakula anayeweza kuua mtu) kwenye maziwa ya mtindi, nianzie wapi, na je nitapata? Nikamjibu nitakuandikia kesho. Kesho ikapita na keshokutwa ikapita, kwa sababu hilo neno la mwisho, "nitapata", limenirudisha mahali ambapo sikutaka kurudi. Hata mimi nilianza hivyohivyo. Nilitaka kupata.

Basi naandika hapa ili asome yeye na wengine wote, maana najua mnaosoma huku wengi wenu mna ndoto kama yangu, unataka jina lako liwe kwenye jarida, unataka siku moja uambiwe wewe ndo uligundua.

Mimi Listeria niliipenda (kama bakteria anapendwa) mwaka 2018 nikiwa bado digrii ya kwanza. Ndo kipindi kile Afrika Kusini inawaka. Kuanzia 2017 watu walikuwa wanaugua nchi nzima, watoto wachanga wanakufa, na hakuna anayejua ni chakula gani. Shida ya huyu mdudu ni kwamba mtu anaweza kula leo akaugua baada ya wiki kadhaa, inafika hadi siku 70, sasa wewe kumbuka ulikula nini miezi miwili iliyopita. Mwishowe kilichowafungulia njia ni watoto wa chekechea moja Soweto. Januari 2018 watoto tisa walipelekwa hospitali ya Chris Hani Baragwanath wakiwa wanaumwa tumbo, maafisa wa afya wakaenda shuleni kwao, wakafungua friji, wakakuta poloni, lile soseji nene la waridi la kukata vipande. Wakafuatilia poloni mpaka kiwandani Polokwane, wakasoma vinasaba vya bakteria, vikafanana na vya wagonjwa wengi, aina moja inaitwa ST6. Machi 4 waziri Aaron Motsoaledi akatangaza. Mpaka wanafunga hesabu wagonjwa 1,060, waliokufa 216. Msumbiji, Namibia, Botswana na Zambia nao wakaanza kuzuia hizo nyama.

Mimi nilisoma hiyo habari ya friji ya chekechea nikasema hii ndo kazi yangu. Sikuwaza wale 216. Niliwaza yule aliyefungua friji. Nakiri.

Masters nikachagua kachumbari. Watu walinicheka, kachumbari tena? Lakini nilikuwa na sababu, na mpaka leo naiona ni sababu nzuri. Mwaka 1981 huko Kanada, upande wa Nova Scotia na majirani zake, waliumwa watu 41, na 34 kati yao walikuwa wajawazito na vichanga vyao. Chanzo kikaonekana ni saladi ya kabichi mbichi. Mkulima alikuwa na kondoo waliougua Listeria, samadi yao ikaenda shambani, kabichi ikavunwa ikakaa kwenye banda la baridi msimu wote wa winta. Na Listeria baridi haimsumbui, bakteria wengine wakilala yeye anaongezeka polepole. Ndo tukio lililowashawishi wanasayansi kwamba ugonjwa huu unapita kwenye chakula. Sasa niambie, kabichi mbichi, samadi, wajawazito, hapo kwetu kwenye chipsi unakula nini pembeni?

Proposal, kibali, kuzungushwa pesa ya vifaa miezi minne, hayo nayaruka, kila aliyesoma anayajua.

Twende maabara. Unapima gramu 25 za kachumbari, unatia kwenye mililita 225 za brothi, ile supu ya kukuzia bakteria, unaiweka inkubeta (lile kabati la joto la maabara) nyuzi 30 siku nzima. Kesho yake unachota kidogo unahamishia kwenye brothi kali zaidi, nyuzi 37. Hiyo brothi ikiwa haina kitu inabaki rangi ya chai ya rangi. Ikiwa na Listeria inageuka nyeusi, nyeusi kabisa kama oili chafu ya pikipiki.

Asubuhi ile nikafungua inkubeta nikakuta chupa kumi na moja nyeusi.

Jamani. Nilipiga kelele peke yangu mle ndani. Nikazipanga kwenye dirisha mwanga uzipige vizuri, nikapiga picha, nikaweka stetasi ya WhatsApp, na maneno yangu siyasahau: "Listeria ipo kwenye kachumbari ya geti dogo, mtakula nini sasa?" Nikamalizia na vikatuni vya kucheka. Geti dogo la chuo kulikuwa na mama mmoja tu anayeuza chipsi. Mmoja. Nusu ya hosteli inakula kwake.

Kufika jioni ile picha imeshafika magrupu ambayo mimi simo. Siku ya tatu nipo natoka maabara na koti langu jeupe, namkuta yule mama kasimama kwenye mti, kashika kindoo chake cha kachumbari kina mfuniko. Nikamwamkia, shikamoo mama. Akaitikia marahaba, akakaa kimya kidogo, akasema "Mwanangu, mimi nimekukosea nini?" Hakugomba, laiti angegomba. Akafunua kile kindoo, kimejaa, saa kumi na moja jioni kimejaa mpaka juu, nyanya zimeshatoa maji. Akasema leo amenunua mtu mmoja.

Na mimi, kwa kiburi cha elimu, nikaanza kumweleza habari za bakteria.

Wiki iliyofuata ndo nikafanya kipimo cha pleti ya damu (si kumpima mtu damu), kipimo ambacho nilitakiwa nikifanye KABLA ya kufungua mdomo. Iko hivi, ile rangi nyeusi inatoka bakteria anapovunja kitu kinaitwa eskulini, halafu kinachobaki kinaungana na chuma. Listeria monocytogenes, yule muuaji, anafanya hivyo. Lakini Listeria innocua, ndugu yake ambaye kwa kawaida haumizi watu, anafanya hivyohivyo. Na Enterococcus, bakteria wengine wanaoishi kwenye utumbo wa watu na wanyama wengi, nao wanaweza. Kuwatofautisha hao ndugu wawili unawapandisha kwenye pleti (kile kisahani cha kukuzia bakteria) yenye damu ya kondoo. Yule mbaya anapasua chembe nyekundu, anaacha kiduara kisafi kadogo sana, wakati mwingine lazima uondoe bakteria kwa kitanzi ndo ukione chini yake. Nikaondoa, nikainua pleti kwenye taa. Nyekundu tupu. Ya pili nyekundu. Zote kumi na moja, hakuna kiduara hata kimoja.

Sikuwa na Listeria wa kuua mtu. Nilikuwa na chupa nyeusi.

Supavaiza wangu aliniambia mbele ya wenzangu, "Umetangaza ugonjwa ambao huna." Halafu akauliza, pH ya kachumbari, yaani ukali wa asidi yake (ikishuka asidi imezidi), ulipima? Sikupima. Kachumbari ya yule mama ina ndimu ya kutosha mpaka meno yanakaza, na Listeria chini ya pH 4.4 haikui (haikui, sijasema inakufa, msije mkaninukuu vibaya). Halafu akauliza, hizi sampuli za Ijumaa ulipima lini? Nikasema Jumanne, kulikuwa na sikukuu, lakini zilikuwa kwenye friji prof. Mle ndani wakacheka. Mdudu anayekua kwenye friji, mimi nimemhifadhi kwenye friji siku nne, halafu nilikuwa nataka kuandika idadi yake kwa kila gramu! Zamani watafiti wenyewe walikuwa wanaacha sampuli kwenye baridi wiki kadhaa, hata miezi, makusudi ili Listeria aongezeke wampate kirahisi. Mimi nilifanya mbinu yao bila kujua, na bado sikumpata.

Ile kicheko bado naisikia. Mmoja wa waliocheka leo ananitumia rasimu zake nimsomee, na namsomea, lakini siku ile nilienda kulia chooni.

Nilirudia kazi yote. Miezi mitano. Nikakopa hela kwa kaka yangu nikanunua midia (chakula cha kukuzia bakteria) nzuri zaidi, ile ambayo Listeria wote wanatoka bluu ya kijani lakini mbaya anajizungushia ukungu mweupe, hivyo unamshuku mapema. Nikapima siku ileile ya kuchukua sampuli, nikapima pH, nikaweka pleti ya damu kwa kila kilichotia shaka. Nikadifendi na eksternal, mtahini wa kutoka nje, akaniambia sura ya mbinu ndo imemfurahisha kuliko matokeo. Nitajisifu hapo kidogo, nimeilipia.

Sasa wewe mdogo wangu wa mtindi. Ushauri wangu ni mmoja na nitaurudia mpaka uchoke: thibitisha. Chupa ikiwa nyeusi, thibitisha. Koloni (kile kidoa cha bakteria kinachoota kwenye pleti) likiwa na sura unayoitaka, ndo hasa uthibitishe, kwa sababu sisi binadamu tunaona tunachokitafuta. Usiulize "nitapata?", uliza "nikikosa nitajuaje kwamba kweli hakuna?" Weka bakteria wa kulinganisha kila siku unapofanya kipimo, aliye mbaya na asiye mbaya. Ukikosa, andika umekosa, tena kwa kichwa kilichoinuka. Na mtindi una asidi, kwa hiyo pH, tafadhali, pH.

Na simu yako iache nje ya maabara. Nasema kama dada. Kila mmoja sasa hivi akiona kitu anakimbilia kupost, hatujui kwamba upande wa pili wa hiyo picha kuna mtu amekopa vikoba anunue gunia la viazi. Sayansi si umbea. Kama kuna hatari ya kweli kuna watu wa kuwaambia, mwambie supavaiza, ifike TBS (Shirika la Viwango Tanzania), wao ndo wana kazi ya kuzuia chakula kisiuzwe. Na hatari ikiwepo ni kubwa, mjamzito anaweza kuona kama mafua tu huku mtoto tumboni anapotea, ndo maana hili jina halitamkwi ovyo.

Yule mama nilimfuata baada ya kipimo cha damu, nikamwambia nilikosea. Nikaweka na stetasi ya kukanusha. Ile ya kwanza ilizunguka kila mahali, ya kukanusha waliangalia watu 38. Aliniambia "yameisha mwanangu", akanipa chipsi, akakataa hela. Muhula uliofuata meza yake haikuwepo tena geti dogo, nikauliza wenye bodaboda pale, wakasema kahamia stendi. Sijui kama ni mimi au ni kodi, nimeogopa kwenda kuuliza.

Meseji yako nimeijibu leo asubuhi. Ukianza kazi, picha za chupa nyeusi usinitumie. Nitumie pleti ya damu, uipige kwenye taa, na koloni uwe umeshaliondoa.