Maswali ya Wasomaji: Swali Limejibiwa Bungeni, Boma la Zahanati Limebaki Lilivyo

Barua nyingi tulizopokea safari hii kutoka Mkoa wa Tanga zinahusu majibu ambayo Serikali huyatoa bungeni Dodoma pale Wabunge wanapouliza juu ya zahanati, dawa na matibabu ya wazee. Tumechagua tatu. Majina ya vijiji na vituo tumeyaacha kwa ombi la waandishi wenyewe.

Ndugu Mhariri, kijiji chetu kilianza kujenga zahanati kwa nguvu za wananchi. Kila kaya ilichanga, wanawake walisomba maji na mchanga, vijana walifyatua matofali, na boma likafika kwenye lenta. Mbunge wetu alilipeleka suala hili bungeni, na tulimsikia redioni Naibu Waziri akijibu kwamba Serikali imetenga shilingi milioni 50 za kumalizia boma hilo. Tulipiga vigelegele. Mwaka ule wa fedha umekwisha, mwingine umeingia, na hatujaona hata bati moja. Mvua ikinyesha, mbuzi ndio wanaojikinga humo. Je, tulidanganywa? Na mtu wa kijijini anaweza kumuuliza nani?
*Mwenyekiti mstaafu wa kitongoji, Mkoa wa Tanga*

Shikamoo, mzee wetu. Kwa maelezo uliyotupa, sioni dalili kwamba mlidanganywa. Ninachokiona ni kwamba mlielezwa hatua ya mwanzo, na kwa kuwa hakuna aliyewaeleza hatua zilizobaki, mkaipokea kana kwamba ndiyo ya mwisho. Fedha ya umma hupita vituo kadhaa kabla ya kununua bati. Kwanza huombwa katika mpango na bajeti ya halmashauri. Kisha hutengwa, maana yake ni kwamba Bunge limeidhinisha itumike kwa kazi hiyo katika mwaka huo wa fedha. Baadaye hutolewa na Hazina. Ndipo hupokelewa katika akaunti inayohusika, na mwisho hutumika. Fedha iliyotengwa bado ni idhini tu. Mapato ya Serikali yakipungua, au dharura ikizuka, au mradi mwingine ukatangulizwa, idhini hiyo inaweza kubaki kwenye kitabu hadi tarehe 30 Juni, na ikifika tarehe 1 Julai mwaka mpya wa fedha huanza na bajeti yake. Ikiwa boma lenu halikuingizwa tena katika bajeti mpya, basi ahadi mliyoisikia redioni haina fungu la kuilipa, hata kama aliyeitamka aliitamka kwa nia njema kabisa.

Kwa hiyo mnaposikia majibu ya namna hii, sikilizeni fedha imefika kituo gani katika safari hiyo. Naibu Waziri akisema Serikali inaendelea kutafuta fedha, hapo hakuna bajeti. Akisema ujenzi utafanyika kadri fedha zitakavyopatikana, hakuna bajeti wala mwaka. Akisema halmashauri ielekezwe kuweka mradi katika vipaumbele vyake, mzigo umerudishwa kwa madiwani wenu, na pengine walikuwa hawajauomba. Akisema fedha imepelekwa, hapo mnayo haki ya kuuliza imepelekwa tarehe ngapi, kiasi gani na katika akaunti ipi. Shilingi milioni 50 kwa boma la zahanati ni kiasi kilichotajwa mara nyingi katika majibu ya miaka ya karibuni, hivyo jibu mlilopewa linalingana na utaratibu uliokuwapo. Lililokosekana ni ufuatiliaji.

Hapa nina neno kwa Wabunge wetu pia, na ninalisema kwa heshima. Ibara ya 63 ya Katiba imelipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na njia ya kwanza iliyotajwa humo ni kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ni silaha kubwa, lakini mara nyingi hutumika kwa kuuliza tu ni lini Serikali itajenga zahanati fulani, na jibu la swali kama hilo linajulikana kabla ya kutolewa. Mbunge anayo nafasi ya maswali ya nyongeza baada ya jibu la msingi, na hapo ndipo anapoweza kubana: fedha iliyotengwa mwaka uliopita ilitoka au haikutoka, na kama haikutoka, imewekwa tena katika bajeti ipi? Nafasi hiyo ikitumika kushukuru na kualika viongozi jimboni, kijiji kimepoteza dakika ambazo huenda kisizipate tena mwaka huo.

Jambo lingine, mzee wangu, ni kwamba hata bati likiezekwa, zahanati haitakuwa imefunguliwa. Sera ya Afya ya mwaka 2007, pamoja na Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi uliofuata, vililenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya, na lengo hilo ndilo lililovisukuma vijiji vingi kuanza ujenzi. Lakini kuta hazitibu. Panahitajika choo, maji, kichomea taka na shimo la kutupia kondo la nyuma. Panahitajika nyumba ya mtumishi, kwa sababu muuguzi anayelala mbali hawezi kumzalisha mama saa nane ya usiku. Panahitajika kituo kisajiliwe, kifunguliwe akaunti na kiingizwe katika orodha ya wanaopata dawa kutoka Bohari ya Dawa. Juu ya yote panahitajika watumishi, na kibali cha ajira hakitolewi na wale wanaosimamia ujenzi. Majengo ya zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya yako chini ya Ofisi ya Rais TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) kupitia halmashauri. Miongozo ya tiba na hospitali za rufaa za mikoa, kama Bombo pale mjini Tanga, ziko chini ya Wizara ya Afya. Vibali vya ajira hutoka kwenye ofisi inayoshughulikia utumishi wa umma. Ndiyo maana jibu linaweza kuwa sahihi kabisa kuhusu jengo, na mgonjwa akaendelea kupanda bodaboda kwenda kijiji cha tatu.

Sasa nani wa kumuuliza. Anzeni na mkutano mkuu wa kijiji, na mtake ajenda ya boma iandikwe kwenye muhtasari. Muhtasari huo upelekwe kwa diwani ili alisemee katika baraza la madiwani kabla bajeti ya mwaka unaofuata haijafungwa, maana bajeti ikishapita hata diwani mwenye sauti kubwa hana pa kuichomeka. Wakati huohuo andikeni barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, mtaje tarehe mliyosikia jibu, mwombe kujua kama fedha hiyo ilipokelewa. Majibu ya bungeni huandikwa katika Taarifa Rasmi za Bunge, kwa hiyo Mbunge wenu anaweza kuwapatia ukurasa wenyewe mkauambatisha. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma, na mamlaka hiyo inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Barua iwe na nakala, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa siku hiyohiyo. Mtu asiye na nakala yenye muhuri huambiwa barua haijaonekana, na safari inaanza upya.

Mhariri, mimi ni mchuuzi wa samaki hapa soko la Deep Sea, Tanga, lakini familia yangu iko Wete, Pemba. Kuna kero katika kituo cha afya kule kwetu. Nilipomwomba Mbunge wetu aiulize Dodoma, aliniambia haiwezekani. Ananikwepa?
*Mchuuzi, Tanga*

Hakukwepi, ndugu yangu. Afya haimo katika orodha ya mambo ya Muungano iliyo katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba. Zanzibar ina Wizara yake ya Afya, na Waziri wake huulizwa maswali katika Baraza la Wawakilishi. Mtafute Mwakilishi wa jimbo lenu, umpe maelezo hayohayo. Wewe mwenyewe ukiugua ukiwa hapa Tanga, hapo swali lako linaingia Dodoma, kwa sababu hospitali itakayokutibu iko chini ya Serikali ya Muungano.

Mhariri, mama yangu ana miaka 67 na anaumwa shinikizo la damu. Nimesikia bungeni mara kadhaa kwamba wazee wanatibiwa bure na kwamba hali ya upatikanaji wa dawa nchini ni nzuri, tena kwa asilimia zinazotajwa. Kituo cha umma tunachokwenda humpima vizuri, kisha tunaandikiwa dawa kwenye karatasi tukanunue dukani. Nani mkweli?
*Binti wa mzee, Jiji la Tanga*

Dada yangu, pole kwa kumuuguza mama. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, nawe ndiye unayelipa tofauti iliyopo kati yao.

Nianze na asilimia. Upatikanaji wa dawa hupimwa kwa orodha ya dawa muhimu zinazofuatiliwa: kituo huangaliwa kama kila dawa iliyo kwenye orodha ilikuwapo au haikuwapo. Tuseme orodha ina dawa 30 na kituo kina 27. Hiyo ni asilimia 90, na Waziri akiitaja hajasema uongo. Lakini ikiwa mojawapo ya zile tatu zilizokosekana ni ya shinikizo la damu, kwa mama yako stoo ile ni tupu. Tena wagonjwa wa presha na kisukari hurudi kila mwezi, kwa hiyo dawa yao huisha mapema kuliko inayohitajika mara chache, ingawa katika hesabu kila moja huhesabiwa sawa. Wastani wa nchi una tabia hiyo hata unapobeba habari njema. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Ni hatua ambayo kila mmoja wetu ana haki ya kuifurahia, na bado haimwelezi mama wa kijiji kimoja cha Kilindi usiku wake utakuwaje. Mbunge anayetaka jibu la kumfaa mama yako aulize dawa ya presha ilikosekana siku ngapi katika vituo vya jiji ndani ya robo mwaka iliyopita. Takwimu hiyo ipo, imo kwenye leja za stoo.

Kuhusu matibabu bila malipo, Sera ya Afya inawahusu wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na maneno hayo ya mwisho, "wasio na uwezo", huachwa mara nyingi katika hotuba. Mama hana budi kutambuliwa kupitia serikali ya mtaa na afisa ustawi wa jamii, apewe kitambulisho cha msamaha. Bila hicho, dirisha la wazee litampa kipaumbele cha foleni tu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, nayo imeweka utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo, ambao nao sharti watambuliwe kwanza. Hivyo jina la mama lisipoandikwa mtaani, anaweza kukosa katika utaratibu wa zamani na katika mpya.

Na kwa kuwa msamaha wa malipo haujazi rafu, ulizia kituoni pia dawa ilikosekana wapi. Bohari ya Dawa ikiwa haina dawa fulani, kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi wa dawa aliyeteuliwa kwa mkoa, kwa kutumia fedha zake zikiwamo za makusanyo. Kama kituo hakikuagiza kwa wakati, au kiliagiza bila kuwa na fedha, kamati ya usimamizi wa kituo, ambayo ndani yake wamo wajumbe wanaotoka kwa wananchi, inapaswa kuwa na maelezo. Andika jina la dawa na tarehe kila mnaporudishwa mikono mitupu, na uihifadhi ile karatasi ya kununulia dukani. Karatasi tatu za miezi mitatu mfululizo, zikiwekwa mbele ya mganga mfawidhi, na nakala zake zikafika kwa diwani wenu, zitajibiwa kwa namna tofauti na malalamiko ya mdomo.