Bomba la tangi la samaki linaloguguma usiku

Ndugu, mlio huo unaokunyima usingizi ni hewa inayoshuka pamoja na maji kwenye bomba lako moja linaloshusha maji kutoka tangi la samaki hadi tangi la chini. Weka mawili. La kwanza lifungie geti valvu (koki ya kuzungusha, inayofunga polepole) karibu na tangi la chini, kisha ikaze kidogo kidogo hadi maji yajaze bomba lote na mlio ukatike. Koki ya mpini inasumbua kupimia. La pili liwe tupu, mdomo juu kidogo ya usawa wa maji, na usilitie koki kabisa: konokono akiziba la kwanza, ndilo litaokoa sakafu. Zima pampu inayopandisha maji uone kama maji yanayorudi yanatosha kwenye tangi la chini bila kumwagika. Kutoboa tundu la bomba la pili mwachie fundi vioo, na kioo cha temperedi (kilichoimarishwa kwa joto) hakitobolewi, kitasambaratika chote.