Umetoka jeshini, CV inagoma? Majibu ya maswali yenu

Kwa wasionijua, nilikaa jeshini, nikatoka, nikasota karibu miaka miwili naandika barua za kuomba kazi zisizojibiwa, na sa hivi nipo upande wa pili wa meza, nasoma CV za watu kwenye kampuni ya usafirishaji. Maswali mliyonitumia ni mengi aisee, nimechagua saba. Mengine yanafanana, so ukiona la mwenzako linakugusa lichukue.

Shikamoo mkuu. Nimetumikia miaka 12, nimetoka na cheo cha sajenti, nilikuwa stoo ya kikosi. Nimeomba kazi za stoo zaidi ya ishirini Moro na Dar, hamna hata aliyenipigia. Nakosea wapi? (Sajenti, Morogoro)

Marahaba. CV yako uliyonitumia nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kama askari nikaelewa kila kitu, mara ya pili kama mtu wa HR nikaambulia patupu. Umeandika hivi: "Nilikuwa NCO wa QM kombania ya makao makuu, nikitekeleza majukumu yote kadri nilivyoelekezwa." Sasa yule binti wa HR mwenye miaka 26, NCO (askari mwenye cheo cha chini ya ofisa) haijui, QM (idara ya stoo na vifaa) haijui, kombania (kundi la askari ndani ya kikosi) anadhani umekosea kuandika kampuni. Na hapo kwenye "kadri nilivyoelekezwa" ndo umejimaliza mwenyewe, mana kambini hiyo ni sifa ila uraiani inasomeka kama mtu anayekaa tu mpaka aambiwe anyanyuke.

Ndo mana nikakupigia nikakuuliza vitu vya kijinga kijinga. Stoo ilikuwa na nini? Sare, mabuti, mablanketi, vyandarua, vyakula vikavu. Aina ngapi? Zaidi ya 300. Leja alikuwa anasaini nani? Wewe. Kwa miaka mingapi? Saba. Wasaidizi? Wanne. Uliwahi kupoteza kitu? Ukacheka, ukaniambia kuna mwaka mablanketi mawili hayakuonekana siku ya kuhesabu, ukayatafuta siku tatu mpaka ukayakuta zahanati, kuna mtu aliyachukua usiku kumfunika mgonjwa na hakusaini.

Kaka, hayo yote hayapo kwenye CV yako! Andika hivi: "Mtunza stoo, miaka 7. Nilipokea, kutunza na kutoa vifaa vya aina zaidi ya 300 (sare, vifaa vya malazi, vyakula) kwa leja na bin kadi. Nilisimamia wasaidizi wanne. Hesabu za kila mwaka zilifungwa bila upotevu." Basi. (Bin kadi ni ile kadi ya kila kifaa inayoonyesha kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki.) Cheo kiweke kwa chini kidogo, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania liandike kwa kirefu. Ile ya mablanketi usiiandike, itunze kwa ajili ya usaili, wakikuuliza "tuambie siku uliyokutana na changamoto" watu wote watasema wao wanafanya kazi kwa bidii sana, wewe watajie mablanketi.

Halafu kuna mambo mawili nje ya CV. La kwanza Excel, jifunze hata kwa mwanao, kwasababu leja ya karatasi peke yake haitoshi tena. La pili PSPTB, ile bodi ya ununuzi na ugavi. Matangazo mengi ya afisa ugavi yanataka uwe umesajiliwa kule, na mitihani yao inaanzia ngazi za chini kabisa, sio lazima uwe na digrii. Ulizia unaingilia ngazi gani kwa vyeti ulivyonavyo.

Mimi nilienda JKT kwa mujibu wa sheria, miezi mitatu baada ya form six. Sasa namaliza chuo naomba kazi hotelini. Niandike JKT au ni ushamba? (Dada wa Dodoma)

Andika mdogo wangu, lakini mistari miwili inatosha. Jina la oparesheni yenu (kundi lenu la mafunzo) na namba ya KJ (kikosi cha JKT) havimsaidii meneja wa hoteli, na kwata ndo kabisa. Umeniambia ulipangiwa jikoni wiki tatu, mnaamka saa tisa usiku kuwasha moto, mnasonga ugali wa mamia ya watu kwa mwiko mrefu kama kasia na ikifika saa ya chakula lazima kiwe tayari, hamna cha samahani. Hiyo ni kazi ya hoteli kabisa! "Nilishiriki kuandaa chakula cha mamia ya watu kwa siku, kwa ratiba isiyobadilika." Weka hivyo.

Ila ukija kuomba Polisi, Magereza, Uhamiaji au Zimamoto, hapo JKT inapanda juu kabisa, mana matangazo yao mara nyingi yanawaulizia waliopitia. Soma tangazo vizuri, wakati mwingine wanataka waliojitolea ile miaka miwili na sio nyie wa mujibu wa sheria. Na waliojitolea wakafanya ujenzi, useremala au kilimo chini ya SUMAJKT (shirika la uzalishaji mali la JKT) waandike kama kazi kweli, yaani nilijenga nini, wapi, nikiwa kama nani. Nimeona kijana kaandika "mafunzo ya uzalendo na ukakamavu" kumbe kapaua madarasa. Sasa fundi wa kupaua akijificha nyuma ya ukakamavu nani atampata?

Nina miaka 15 naendesha malori ya jeshi. Kampuni moja imenikataa wanasema sina vigezo. Vigezo gani tena? (Dereva, Tabora)

Karatasi tu kaka, kuendesha unajua. Kibali cha kuendesha gari la kikosi hakitambuliki kwa tajiri mwenye malori. Anataka leseni yenye daraja E kwa gari kubwa, au C kama unataka mabasi ya abiria, pamoja na cheti cha kozi kutoka NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji) au VETA (vyuo vya ufundi stadi). Hata kama hiyo kozi watakufundisha vitu ulivyokuwa unawafundisha makuruta, nenda, kaa kimya, chukua cheti. Kama unataka safari za Tunduma kuingia Zambia mpaka Lubumbashi, tengeneza pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano kabla hujaomba, tajiri akikuta dereva anaweza kuondoka kesho haulizi mengi.

Kwenye CV andika tani, aina ya gari (Scania, Tatra, vyovyote), hali ya barabara, na miaka bila ajali. Kama ulikuwa unafanya na sevisi ndogo mwenyewe sema.

Na kwa mafundi wenzako mlionitumia swali la karibu na hili: VETA wana utaratibu wa kupima mtu aliyejifunza ujuzi kazini bila kupita darasani na kumpa cheti, unaitwa urasimishaji wa ujuzi. Nenda chuo cha VETA cha mkoani kwako ulizia.

Hujambo ndugu. Bwana yangu alikuwa KDF (jeshi la Kenya) miaka tisa, ameenda Somalia mara mbili. Sasa ameitwa interview ya supervisor kwa godown hapa Nairobi na anaogopa watamuuliza mambo ya vita. Pia kuna mwaka moja na nusu alikaa tu nyumbani baada ya kutoka. Aseme nini? (Mama watoto, Kasarani)

Sijambo dada, na mpe pole yangu bwana.

Swali la vita litakuja, nisikudanganye. Mimi niliulizwa na mzee mmoja, tena kwa kutabasamu, "ulishawahi kuua mtu?" mbele ya watu wanne. Niliganda. Nikaanza kujieleza eleza, jasho linatoka, na kazi nikaikosa. Mpaka leo nikikumbuka ule usaili nasikia hasira, na nazungumza humu ndani ya nafsi yangu majibu mazuri ambayo ningemjibu. Jibu ambalo nawapa watu siku hizi ni hili, alifanyie mazoezi mbele yako wewe mpaka litoke bila kukwama: "Mambo ya oparesheni siruhusiwi kuyaongelea, ila naweza kuwaambia kazi niliyokuwa nasimamia." Halafu asinyamaze hapo, aunganishe moja kwa moja na kazi. Kama alikuwa anapanga msafara wa mizigo, aseme magari mangapi yalikuwa chini yake, anakagua nini kabla hayajaondoka, akichelewa nani anakosa maji. Msimamizi wa godown kazi yake ni hiyo hiyo, isipokuwa hapa hamna bomu barabarani.

Huo mwaka moja na nusu asiufiche. Mtu anayesoma CV akiona tarehe zimeruka anawaza jela. Aandike tu "2022 hadi 2023, mapumziko ya kifamilia baada ya kumaliza utumishi", na kama alikuwa analima au anasaidia duka lako aandike hivyo hivyo. Kama mapumziko yalikuwa ya kutafuta usingizi, hilo ni lenu wawili na daktari, mwajiri hadai. Lakini dada, kama usingizi bado haujarudi, hilo mlishughulikie kwanza, zamu za usiku godown zitammaliza.

Karatasi: cheti cha kutoka jeshini, good conduct ya DCI, yaani cheti cha polisi wa upelelezi kuwa hana rekodi ya uhalifu (anaombea eCitizen, tovuti ya huduma za serikali), na kama ana ufundi wowote afanye trade test ya NITA, yaani mtihani wa ufundi wa mamlaka ya mafunzo ya viwandani, gredi inaeleweka na kila mwajiri Kenya.

Mimi ni Meja mstaafu. Kwenye CV niandike "Meja (Mst.)" kabla ya jina? Naomba nafasi ya umeneja. (Dar)

Shikamoo afande. Kwenye jina weka, ni haki yako na uliitolea jasho. Ila ukishaandika mara moja iache. Barua yako ina neno "niliamuru" mara sita, nimehesabu, na kijana wa miaka 35 atakayekuwa bosi wako akisoma hapo anaanza kujiuliza kama utamwita "wewe kijana". Tumia nilisimamia, nilipanga, nilishauri. Na taja bajeti, kama ulishika fungu lolote.

Angalizo moja: umesema utajaribu na Ajira Portal (tovuti ya serikali ya kuombea kazi). Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwa yana masharti ya jumla kule chini ambayo watu hawasomi, umri usizidi miaka 45 kwa asiye mtumishi, na aliyestaafu utumishi wa umma asiombe mpaka awe na kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi. Usipoteze miezi humo. Nguvu zako peleka kampuni binafsi na mashirika.

Niko Texas, namaliza mkataba na US Army mwakani, ni 88M. Nimechoka na jeshi lakini kuendesha napenda. Nianzie wapi? (Kijana wa Kigoma)

88M kwa wengine hapa ni dereva wa malori kwenye jeshi la Marekani. Mdogo wangu umekalia bahati. Kuna utaratibu wa kusamehewa mtihani wa barabarani wa CDL (leseni ya magari makubwa ya biashara) kwa mwanajeshi aliyeendesha magari makubwa angalau miaka miwili, na kwa 88M kuna majimbo yanasamehe mpaka ule wa maandishi. Uombe ukiwa bado kazini au ndani ya mwaka mmoja tangu utoke, ukilala unaanza moja kama raia wengine. Ofisi ya leseni ya Texas watakuambia fomu zao. DD-214 (karatasi ya kutoka jeshini) ukiipata chukua nakala ya Member 4, hiyo ndo inaonyesha umetoka kwa heshima, isome mstari kwa mstari kabla hujasaini kwasababu kurekebisha baadaye ni kazi, na usiipige picha ukarusha kwenye grupu la WhatsApp la nyumbani jamani, ina taarifa zako zote.

Nisiandike nini? Na picha nikiwa na kombati niambatishe? (wengi mmeuliza)

Usiandike aina wala idadi za silaha, idadi ya askari wa kikosi, ramani ya kambi, wala mlikokuwa mnafanya doria. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 haikuachi kwasababu umestaafu. Ulinzi wa amani unaruhusiwa kuutaja, Darfur, Lebanon, Kongo, kila mtu anajua Tanzania ilipeleka watu, andika nchi, mwaka na kazi yako, mfano fundi magari, muuguzi, mpishi, mkalimani. Medali ya UN taja kwa mstari mmoja.

Picha ya kombati hapana. Piga passport size ya kawaida na shati jeupe, na mwambie mpiga picha akuchekeshe kidogo, mana nyie mkiambiwa mkae vizuri mnakaza shingo kama afande anapita kukagua.