Muulize Fundi: Taa inayojiwasha usiku wa manane

SWALI: Habari Fundi. Nimejitengenezea taa ya mezani ndani ya mkebe wa maziwa ya unga: Arduino Nano (kompyuta ndogo inayofuata programu), kihisi cha mwanga, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) na balbu ya stima ya kawaida. Giza likiingia inawaka yenyewe, kukipambazuka inazimika. Juzi nikaongeza kile kibao cha mguso, TTP223, nilichonunua barabara ya Luthuli, Nairobi. Muuzaji akaniunganishia kidaraja cha B (vituo viwili vidogo vilivyoandikwa B kwenye kibao) kwa risasi ya kulehemu ili mguso mmoja uwashe na wa pili uzime. Sasa jioni nikiigusa ili izimike, hainisikii hadi niguse tena. Usiku wa manane nayo inajiwasha bila mtu. Nikivuta waya kutoka kwenye kibao hadi kwenye mkebe ili niguse popote, itatulia? – Dada wa Umoja

JIBU: Dada, hilo la mwisho nalijibu kwanza: usithubutu. Ndani ya huo mkebe mna volti 240. Siku waya mmoja ukichubuka na kugusa bati, mkono wako ndio utakaopata habari. Bandika kibao upande wa ndani wa kifuniko cha plastiki, mbali na nyaya za rilei. Kinahisi kidole kupitia plastiki nyembamba bila shida. Kupitia bati hakihisi. Na ingekuwa yangu, ningeng'oa balbu hiyo nikaweka LED za volti 12 na adapta yake. Rilei ni ile ile.

Kuhusu kugusa mara mbili, kibao hakina kosa. Kidaraja cha B kinakifanya kikumbuke chenyewe kama ni “washa” au “zima”. Jioni programu ya Nano inawasha taa kwa sababu ya giza, lakini kibao bado kinasema “zima”, maana hakuna aliyekigusa. Ukigusa, kinageuka kuwa “washa”, na taa imeshawaka, kwa hiyo huoni kitu. Mguso wa pili ndio unaozima. Yeyusha risasi ya B uitoe, ili kibao kiseme tu “nimeguswa” wakati kidole kipo. Kumbukumbu ibaki kwenye Nano peke yake: kila pini inayopokea waya wa kibao ikitoka chini kwenda juu (yaani kibao kikiguswa), programu igeuze hali ya taa, iwe iliwashwa na mkono au na giza. Amri ya mkono isimame hadi machweo au mapambazuko yanayofuata. Bila hilo utazima taa, na programu iione giza na kuiwasha papo hapo. Kihisi cha mwanga nacho kisiangaliane na balbu.

Huo mzuka wa usiku nashuku ni chaja inayolisha Nano. Chaja nyingi za bei ya chini hupitisha kelele za stima, na kibao huzihesabu kama kidole. Lisha Nano kwa pawabanki usiku mmoja, balbu ibaki ilivyo. (Pawabanki nyingine hujizima zikiona mzigo mdogo, usishtuke.) Mzuka ukipotea, badilisha chaja. Ukibaki, punguza wepesi wa kibao kuhisi kwa kuongeza kapasita ndogo (kijisehemu kinachohifadhi chaji) kwenye nafasi iliyoachwa wazi kwa ajili hiyo kwenye kibao. Isizidi pikofaradi 50 (kipimo cha kapasita, huandikwa pF). Kisha chomoa, chomeka tena, na usikiguse kibao kwa sekunde chache, kwa kuwa hapo ndipo kinapojipima upya.