Maji ya batiki hayaendi chemba hivi hivi
Dada, umeuliza kama karakana yako ya batiki hapo Moshi inaweza kumwaga maji ya rangi kwenye chemba ya mtaa. Usimwage kabla hujapata kibali cha mamlaka ya maji, MUWSA. Mabomba yale huishia kwenye mabwawa ya majitaka ya Mabogini, na kule kazi ya kusafisha hufanywa na bakteria na mwani, si mitambo. Kostiki, ile soda kali ya kuchanganyia rangi, ikiingia kwa wingi inawaua. Rangi nzito inaziba jua ambalo mwani unalihitaji. Jenga tangi la kutuliza, maji yapoe, tope lizame, kisha chovya karatasi ya pH, ile ya kupima ukali wa maji. Ikisoma 12, maji bado ni makali mno. Acha na kichemba cha kuchotea sampuli, maana MUWSA watakuja tu. Halafu mfereji wa paa usiuunganishe na chemba, tafadhali. Masika yakianza, vyoo vya majirani ndivyo vitakavyofurika.